Pikipiki Iliyozimwa Injini

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Kokushubila, ambaye wote walimwita Koku, alipanda nyuma ya pikipiki ya mjomba wake, akauweka mkoba wa shule mapajani na kumshika mjomba kiunoni. Nyumbani kwao kulikuwa juu kabisa ya mlima, katika eneo la Madale. Shule ilikuwa bondeni. Katikati palikuwa na mteremko mmoja mrefu wa lami nyembamba, na pembeni yake mtaro wa zege wa maji ya mvua, ulionyooka kutoka juu hadi chini.

Mjomba wake aliitwa Apolinari. Alikuwa mdogo wake mama Koku, kijana wa miaka ishirini na tano aliyekuja kutoka Bukoba kutafuta maisha. Alikuwa dereva wa bodaboda, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya bosi mmoja wa Tegeta. Kila walipofika kwenye tangi la maji, pale mteremko unapoanzia, Apolinari alizungusha ufunguo na injini ikanyamaza.

"Mlima utatufikisha," alisema. "Mafuta ya nini?"

Koku aliipenda sana sehemu hiyo ya safari. Pikipiki ilianza taratibu kama baiskeli, kisha ikachanganya mwendo. Nyumba zilipita haraka, sweta yake ikajaa upepo, macho yakamtoka machozi, na hapakuwa na kelele yoyote isipokuwa mvumo wa hewa masikioni.

"Achia, anko!" alikuwa akipiga kelele. "Usishike breki!"

Na Apolinari aliachia.

Chini ya mteremko palikuwa na duka la Mzee Matar, muuza duka wa siku nyingi ambaye kila mtu wa Madale alimfahamu. Binti yake, Rumaisa, alisoma darasa la sita pamoja na Koku. Kila asubuhi Rumaisa alimsaidia baba yake kupanga kreti za soda barazani, kisha akavuka barabara kwenda shule.

Jumanne moja hapakuwa na upepo hata kidogo. Nguo zilizoanikwa kwenye uzio wa majirani zilining'inia zimetulia. Apolinari alizima injini kwenye tangi kama kawaida. Walipofika nusu ya mteremko, Koku alilazimika kufumba macho kwa sababu ya upepo uliompiga usoni. Alipoyafumbua alimwona Rumaisa amesimama ukingoni mwa barabara. Alimwona akigeuza kichwa huku na huku, kisha akatulia kidogo kama mtu anayesikiliza. Halafu akavuka.

"Anko!" Koku alipiga kelele.

Apolinari alikanyaga breki. Gurudumu la nyuma liliteleza kwenye mchanga, pikipiki ikaenda ubavu, na chuma cha kukanyagia kikampiga Rumaisa mguuni. Wote watatu walianguka. Koku alichubuka kiwiko. Rumaisa hakuinuka.

Watu walijaa kufumba na kufumbua. Mzee Matar alitoka dukani akikimbia bila viatu. Kabla hata hajamwinua binti yake, Apolinari alikuwa ameshasimama na kuanza kusema.

"Jamani, pikipiki nilikuwa nimezima! Oneni wenyewe, ufunguo huu hapa! Nitakimbiaje na injini imezimwa? Nilikuwa nateremka polepole, mtoto akaniingia mwenyewe!"

"Kweli," alisema mama mmoja aliyekuwa akikaanga vitumbua karibu na duka. "Mie nilikuwa hapa hapa. Sikusikia mlio wowote."

"Hata mie sijasikia," alidakia mwingine. "Watoto wa siku hizi hawaangalii barabara."

Mzee Matar alimbeba binti yake na kumpakia kwenye bajaji. Uso wake ulikuwa umejaa woga, na woga huo ukageuka hasira. "Mara ngapi nimekwambia uangalie kabla ya kuvuka?" alimkaripia. "Mara ngapi, Rumaisa?"

Rumaisa alikuwa akilia kwa maumivu.

Koku alibaki amesimama akishika kiwiko chake. Mjomba wake hakuwa amedanganya kuhusu ufunguo. Mama wa vitumbua hakuwa amedanganya kuhusu mlio. Kila walichosema kilikuwa kweli, na bado jambo zima lilikuwa uongo.

Jioni ile habari zilifika kutoka hospitali: mfupa wa muundi umevunjika, Rumaisa hatakwenda shule kwa wiki nyingi. Apolinari alikula ugali wake. Alipomaliza alinawa mikono na kusema, bila kumtazama mtu, "Mungu amesaidia sikuwa kwenye mwendo."

Koku aliacha kutafuna.

"Ulikuwa kwenye mwendo, anko," alisema. "Nilifumba macho kwa upepo. Upepo huo ulitoka wapi, na nguo za watu zilikuwa zimetulia?"

"Wewe mtoto unajua nini? Injini ilikuwa imezimwa."

"Lakini—"

"Koku!" Mama yake, Eufrazia, alimkatisha. Alikuwa karani katika ofisi moja ya Tegeta, mtu mpole ambaye si kawaida yake kupaza sauti. "Mwache mjomba wako. Naye ameumia."

Baadaye, walipokuwa wakiosha vyombo, mama alimsogelea. "Bosi akisikia kwamba Apolinari alikuwa anakimbia, ataichukua pikipiki siku hiyo hiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni mdogo wangu. Hana kazi nyingine hapa mjini. Rumaisa atapona, Mungu akipenda. Nakuomba unyamaze, mwanangu."

Koku alimpenda mama yake, na hakuwahi kuombwa jambo na mama kwa upole namna ile. Lakini usiku ule alimkumbuka tena Rumaisa akigeuza kichwa huku na huku.

Siku ya Alhamisi, Mwalimu Gaudens aliingia darasani na kibao kirefu kwapani, betri moja nene ya redio mkononi, na boksi tupu la kiberiti. Alikuwa mwalimu wa sayansi, mrefu na mwembamba, na hakupenda kufundisha jambo ambalo wanafunzi hawawezi kuliona kwa macho.

"Mwezi uliopita mabati mawili ya paa la jiko la shule yaling'olewa," alianza. "Nani aliyang'oa?"

"Upepo!" darasa liliitikia.

"Upepo ni nini?"

"Hewa inayotembea, mwalimu."

"Hii hewa iliyopo humu darasani inaweza kung'oa bati?"

Wanafunzi walicheka. "Hapana, mwalimu."

"Kwa nini? Si hewa ile ile?"

Mwalimu Gaudens aliweka kitabu kimoja mezani, akaegemeza kibao juu yake ili kipate mteremko, na kule chini akaweka boksi la kiberiti. Aliiachia betri kutoka juu. Iliviringika, ikaligonga boksi na kulisukuma kidogo, upana wa vidole vitatu. Kisha akaongeza vitabu vikawa vinne na kuiachia tena. Safari hii boksi lilisukumwa upana wa vidole kumi na viwili.

"Betri hii imekwisha," alisema huku akiinyanyua waione. "Haina umeme hata wa kuwasha tochi. Basi nguvu ya kusukuma boksi imetoka wapi? Imetoka kwenye kutembea kwake. Kitu chochote kinachotembea kina nishati kwa sababu kinatembea, iwe jiwe, mpira, mtu au hewa. Nishati hiyo tunaiita nishati mwendo. Na sikilizeni vizuri hapa: nilipoweka vitabu vinne, mwendo wa betri uliongezeka mara mbili tu. Lakini boksi limesukumwa mbali mara ngapi?"

"Mara nne!"

"Mara nne. Ukiongeza mwendo mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Ndiyo maana upepo mdogo hukupepea usoni, na upepo mkubwa hung'oa bati."

Koku alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na pikipiki iliyozimwa injini?"

Kila mtu aliangalia dawati tupu la Rumaisa.

Mwalimu Gaudens aliweka betri mezani taratibu. "Kama imesimama, haina nishati mwendo," alisema. "Kama inatembea, inayo. Injini ni njia moja tu ya kuipata. Mlima ni njia nyingine. Anayegongwa haumii kidogo eti kwa kuwa ufunguo ulikuwa umezungushwa."

Koku alikaa. Alikuwa na hasira. Aliwakasirikia watu wazima wote waliosimama pale barabarani na kukubali jambo lisilo na maana kwa sababu tu lilisemwa kwa sauti kubwa.

Alipotoka shule alipitia kwa akina Rumaisa, nyumba iliyoshikana na duka. Alimkuta amelazwa kwenye mkeka, mguu umefungwa plasta nyeupe kutoka gotini hadi karibu na vidole. Kando ya ukuta palikuwa na begi la nguo lililojaa.

"Hilo begi la nini?" Koku aliuliza.

"Napelekwa Kimbiji kwa bibi," Rumaisa alijibu. "Baba anasema huku barabara nyingi, na mie mzembe. Nitasoma huko huko."

"Lakini uliangalia! Nilikuona, Rumaisa. Uliangalia huku na huku, halafu ukasikiliza."

Rumaisa alichezea ukingo wa mkeka. "Mwanzoni na mie nilikumbuka hivyo," alisema. "Lakini watu wote wanasema sikuangalia. Labda kweli sikuangalia, Koku. Labda nimejitungia tu."

Koku aligeuka akalitazama lile begi. Kumvunja mtu mguu lilikuwa jambo moja. Lakini sasa walikuwa wamemfikisha mahali asiamini hata macho yake mwenyewe.

"Hukujitungia," alisema. Aliinuka na kutoka bila kuaga vizuri, kwa kuwa alijua akiendelea kukaa pale atalia.

Jumamosi asubuhi mwenyekiti wa mtaa, Mama Tusajigwe, aliziita familia hizo mbili kwenye baraza la duka la Mzee Matar ili jambo lisuluhishwe. Alikuwa mama mnene mwenye sauti tulivu, na alipozungumza hata madereva wa kijiweni walizima redio zao. Majirani walikuja. Madereva wa bodaboda nao walikuja, wakasimama nyuma ya Apolinari.

Apolinari alieleza vile vile kama siku ya kwanza. Alizima injini, aliteremka polepole, mtoto akatokea ghafla. Mama wa vitumbua alieleza kwamba hakusikia mlio. Mzee Matar aliinamisha kichwa na kusema, "Mie sina ugomvi na mtu. Binti yangu ndiye hakuangalia. Nitampeleka kwa bibi yake."

"Basi kama hakuna mwenye neno lingine—" Mama Tusajigwe alianza.

Koku alisimama. Mama yake alimshika sketi, lakini yeye hakukaa.

"Shikamooni," alisema. "Mimi nina neno. Nilikuwa nimepakiwa."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

"Anko alikuwa anakimbia. Injini ilikuwa imezimwa, ndiyo, lakini tulikuwa tunakimbia. Na Rumaisa aliangalia, nilimwona kwa macho yangu. Alisikiliza pia. Hakusikia kitu kwa sababu injini ilikuwa imezimwa! Mnasema hakuna mlio kwa hiyo hakuna mwendo. Huo mlio ndio ungemwokoa!"

Watu walianza kunong'ona. Apolinari alicheka kicheko kikavu. "Mtoto amesoma mambo shuleni, sasa anataka kutufundisha. Mwenyekiti, pikipiki isiyo na injini ni chuma tu."

"Chuma tu?" Sauti ya Koku ilipanda mpaka ikakwaruza. "Mama Mwenyekiti, naomba tairi moja kuukuu na kreti tupu ya soda."

Fundi wa pancha aliyekuwa jirani na duka alitoa tairi la pikipiki. Mzee Matar, akishangaa, alitoa kreti. Koku aliiweka kreti ndani ya mtaro, kule chini, akawaomba watoto wote wakae mbali. Kisha akamtazama Brightson, dereva ambaye alikuwa rafiki mkubwa wa mjomba wake.

"Kaka Brightson, uachie wewe, ili mtu asiseme nimesukuma. Kwanza hatua ishirini tu kutoka hapa. Usisukume, achia."

Brightson alipanda hatua ishirini, akaliweka tairi mtaroni na kuliachia. Liliviringika, likaigusa kreti na kulala ubavu. Kreti ilitikisika tu.

"Sasa kutoka kwenye tangi," Koku alisema. "Pale anko anapozimia injini."

Brightson alipanda. Ilimchukua muda kufika. Watu waliokuwa chini walimwona akiwa mdogo kule juu, akiinama. Kisha walisubiri. Mtaro ulikuwa na kina, na kutoka barazani tairi lenyewe halikuonekana. Hawakusikia kitu. Mmoja alianza kusema, "Mbona halifik—"

Kishindo kilimkatisha. Kreti ilipasuka, kipande kikaruka juu ya ukingo wa mtaro na kutua katikati ya barabara, mahali pale pale alipoangukia Rumaisa. Tairi nalo liliruka nje, likavuka barabara na kugonga ukuta wa upande wa pili.

Mama wa vitumbua alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Hilo tairi lina injini?" Koku aliuliza. Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, na hakuyafuta. "Nyie wakubwa mlisimama hapa mkamlaumu aliyevunjika mguu! Mmemwambia hakuangalia mpaka yeye mwenyewe ameamini! Na mimi nilinyamaza siku nne. Tena mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia anko aachie breki, kwa sababu nilikuwa napenda. Na hilo naomba liandikwe."

Mama Tusajigwe alimgeukia Apolinari. Alimwuliza swali moja tu. "Mwanangu, ulishika breki wapi?"

Apolinari aliangalia vipande vya kreti kwa muda mrefu. Kofia ngumu aliyokuwa ameishika iliteremka taratibu mpaka ikagusa ardhi.

"Nilipomwona," alisema. "Sikushika kabla. Nilimwona, nikakanyaga, haikusimama. Mwendo ulikuwa mkali, Mwenyekiti. Niliujua siku ile ile. Mtoto hakuwa na kosa."

Mzee Matar hakumgombeza. Hata kumtazama hakumtazama. Aliinuka, akavua viatu mlangoni na kuingia ndani alikolala binti yake. Dirisha lilikuwa wazi, na watu wote barazani waliisikia sauti yake.

"Rumaisa, nisamehe. Uliangalia. Mimi baba yako ndiye sikukuuliza."

Siku hiyo hiyo mambo kadhaa yaliamuliwa. Madereva wa kijiweni walikubali mbele ya mwenyekiti kwamba hakuna atakayeteremka mlima ule akiwa amezima injini, na anayepita dukani atapita kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mama Tusajigwe aliahidi kwamba matuta yangewekwa, na wiki iliyofuata wakazi wenyewe walitoka na makoleo wakajenga mawili. Begi la Rumaisa lilifunguliwa na nguo zikarudishwa kabatini. Bosi wa Tegeta aliichukua pikipiki yake, kama mama Koku alivyohofia. Apolinari alipata kibarua cha kubeba matofali kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa huko huko Madale, na kila siku ya kliniki aliomba ruhusa ili amsindikize Rumaisa hospitali. Hakuna aliyemlazimisha.

Koku sasa alikwenda shule kwa miguu. Jumapili moja alasiri, yeye na mama yake walikuwa wakimpelekea Rumaisa madaftari ya masomo aliyokosa. Walishuka mlima taratibu. Mama hakuwa amelizungumzia jambo lile tangu siku ya mkutano.

"Bado una hasira?" aliuliza ghafla.

"Kidogo," alijibu Koku. "Na wewe pia, Mama. Wewe ndiye uliyeniambia ninyamaze."

Eufrazia alisimama pembeni mwa barabara. Alionekana amechoka, lakini hakukwepesha macho.

"Una haki," alisema. "Nilimwonea huruma ndugu yangu, nikasahau kwamba kuna mtoto wa mwenzangu amelala na mguu uliovunjika na jina baya juu yake. Ukinyamaza wakati mwingine anabebeshwa kosa lisilo lake, umeshasaidia kumtwika mzigo huo, hata kama hukusema neno. Mimi mtu mzima nilipaswa kulijua hilo. Umenifundisha wewe, na ninaona aibu, lakini ninashukuru."

Koku alihamisha madaftari kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Hiyo hasira uliyonayo usiione mbaya," mama aliendelea. "Ukiitumia kutukana watu, itakuharibu. Ukiitumia kumsemea anayeonewa, ukaleta na ushahidi wako mkononi, hakuna mkubwa atakayekuzima. Siku nyingine nikikuomba unyamazie uongo, unikatalie mapema. Usisubiri siku nne."

"Nitakukatalia, Mama," alisema Koku.

"Haya, twende. Mwenzako ana hesabu nyingi za kunakili."